Kikosi cha Majini Kilichokaa Voi

Vijana wangu mafundi, kile kijitabu nimekiona. Mmoja wenu alinipandishia mpaka huku Ronge juma lililopita. Karatasi zake zinang'aa hata mtu anaweza kunyolea ndevu, na kwenye jalada kuna nanga ya dhahabu iliyoota mbawa. Historia ya kikosi cha mafunzo ya urubani wa majini, toleo la sherehe. Nilikisoma kibarazani huku nikianika maharagwe, nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuniuliza kama nimepatwa na jambo. Nilipofika ukurasa wa kumi na nne kicheko kikanikatika.

Mliniomba niwaandikie na mimi kidogo, "mambo ya zamani, mzee, ya kutuchekesha." Haya. Naitwa Mwadime, na nilikuwa fundi wa ndege katika kikosi hicho maisha yangu yote ya kazi. Kijitabu kinanitaja mara moja, kwenye orodha ya mwisho, na jina wamelikosea. Simlaumu mchapaji. Alikuwa na picha nyingi za wakubwa za kupanga, na picha za wakubwa zinahitaji nafasi kwa sababu ya matumbo.

Kijitabu kinasema Voi "ilichaguliwa baada ya tathmini ya kina ya kimkakati." Mimi nawaambia Voi ilichaguliwa kwa sababu mawingu ni machache, ardhi ni tambarare, na hakuna aliyekuwa akiitaka isipokuwa ndovu, na ndovu hawakuulizwa. Kutoka pale hadi maji ya chumvi ni saa tatu kwa basi, kama basi halijaharibika Maungu. Kwa hiyo tulikuwa na marubani wa baharini waliojua kila aina ya mbigiri na hawajui samaki ana mifupa mingapi.

Halafu jina lenyewe. Watu wa mjini walisikia "ndege za majini" wakaelewa vingine kabisa. Kulikuwa na bibi mmoja wa Sagalla aliyekuwa akituuzia ndizi. Siku alipoambiwa sisi ni kikosi cha majini alizishusha ndizi zote chini, akarudi nyuma hatua saba akihesabu, kisha akaniuliza: "Na wanakula nini?" Nikamwambia wanakula ugali na sukuma kama watu wengine. Akatikisa kichwa. "Basi wamewadanganya nyinyi. Jini hali ugali." Hakutuuzia ndizi tena.

Bahari tulijitengenezea. Shamba la mkonge ndilo lilikuwa maji yetu, maana ukilipita kwa chini, ile mistari ya kijani inafanana na mawimbi, ati. Kila mwanafunzi alifundishwa kutafuta manowari ya adui katikati ya mkonge, na wengi waliipata, hasa siku za mtihani. Sitaha ya meli tuliichora uwanjani kwa chokaa, na kila mvua iliponyesha meli yetu ilizama. Mazoezi ya kujiokoa majini yalifanyiwa kwenye josho la ng'ombe la shamba moja, mpaka wanafunzi sita wakatokwa na upele wa dawa ya kupe. Baada ya hapo wakapelekwa Ziwa Jipe na boti ya mpira. Kiboko mmoja alitoka kuitazama tu ile boti, hakufanya lolote, na marubani wanane wa majini wakapanda mti mmoja na makoti yao ya kuelelea. Hayo kijitabu hakina. Kina neno moja: "Jipe."

Lakini ndege zilikuwa ndege kweli, na aliyenifundisha kuzijua alikuwa mtu mmoja tu. Fundi Wafula alitoka magharibi kuja Voi akiwa kijana, kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Alitengeneza vichwa vya treni mpaka treni zikapungua, ndipo kikosi kikamchukua. Goti lake la kulia liliwahi kubanwa na gurudumu la behewa, kwa hiyo alitembea kama mtu anayepanda ngazi peke yake. Wahandisi wenye vyeti walikuwa wanamwita "mzee wa makaa." Ndege ikikohoa walikuwa wanamwita "Mzee Wafula, tafadhali."

Nyinyi sasa mnachomeka kompyuta kwenye ndege na yenyewe inawaambia inaumwa wapi. Vizuri. Wafula alikuwa anaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alinifundisha kuchota mafuta asubuhi kwenye chupa ya kioo, kuyainua kwenye mwanga, na kungoja, kwa sababu maji hukaa chini na hayana haraka ya kujionyesha. Alinifundisha kutazama kile kibomba chembamba kinachopima mwendo chini ya bawa, maana nyigu wa udongo wa Voi hawahitaji zaidi ya mchana mmoja kukijengea nyumba, na rubani akiruka na nyigu ndani, saa yake ya mwendo inamwambia amesimama. Alinifundisha kuvua pete. "Pete ikinaswa na waya wa umeme," alisema, "mke wako atabaki na pete." Na kila jioni alininyooshea kidole kwenye mfuko wangu wa turubai wa vifaa, wenye vijifuko ishirini na viwili, na kuniuliza neno lile lile:

"Wote wamelala?"

Nami nilikuwa napapasa kila kijifuko na kujibu wamelala. Nilimwona mzee anayerudia maneno. Nilikuwa katika mwaka wa pili kazini, nimepewa mamlaka ya kutia sahihi kwenye kitabu cha ndege, na kofia nilikuwa naivaa upande.

Sasa tuingie ukurasa wa kumi na nne.

Kulikuwa na sherehe, na mgeni rasmi alikuwa anakuja. Kamanda wetu wa wakati huo, ambaye jina lake litabaki kwenye kijitabu mara kumi na tisa bila msaada wangu, alikuwa mtu wa sherehe kuliko mtu wa ndege. Siku mbili nzima tulipaka mawe chokaa. Asubuhi ya siku yenyewe akapita kwenye banda la ndege, akachungulia ndani ya ndege itakayoruka, akaona skrubu za sakafu zimeshika kutu kidogo.

"Mgeni akichungulia aone kutu?" akaniuliza.

"Afande, hazina ubaya. Zitabadilishwa wakati wake."

"Wakati wake ni sasa. Weka zinazong'aa."

Nikafungua bamba la sakafu. Chini yake ndiko zinakopita nyaya zinazotoka kwenye usukani wa rubani kwenda mkiani, zile zinazoinua na kushusha pua ya ndege. Nilikuwa nimelala kifudifudi na bisibisi yangu fupi mkononi, naondoa skrubu ya ndani zaidi, nikasikia naitwa kwa mayowe. Vyungu vya maua. Kamanda alitaka vyungu thelathini vya maua vihamishwe kutoka kushoto kwa jukwaa kwenda kulia, kwa sababu jua lilikuwa linavichoma. Nikaweka bisibisi chini pale pale nilipo, nikaenda kubeba maua.

Niliporudi rubani alikuwa ameshavaa. Nikafunga bamba, nikakaza skrubu mpya kwa bisibisi ndefu, nikatia sahihi kitabuni: hakuna kasoro. Mfuko wa vifaa sikuupapasa. Na mgeni rasmi, vijana wangu, alichelewa saa tatu, na ile ndege hakuichungulia ndani hata kidogo.

Rubani alikuwa Luteni Halima, mwanafunzi bora wa darasa lake, mtoto wa familia ya pwani iliyohamia Voi na duka la vitambaa. Alikuwa mfupi, mkali, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa milimani tujisikie tunazungumza na mdomo uliojaa viazi.

"Bwana Mwadime, chombo changu ki tayari?"

"Kiko tayari, afande."

Akajaribu usukani mbele na nyuma, ukaenda vizuri, akaondoka. Mpango ulikuwa apae, azunguke mlima wa Sagalla, arudi chini chini mpaka juu ya mahema ya wageni, kisha ainue pua ghafla na kupanda wima kama anaikwepa mizinga ya meli. Hapo wageni wapige makofi.

Ndege ilipokuwa inapotelea upande wa mlima nikaanza kukunja mfuko wangu. Kidole changu kikaingia kwenye kijifuko kitupu.

Nilitazama chini ya benchi, nikatazama mfukoni, nikatazama kwenye vyungu vya maua, nikavikoroga udongo kwa mikono mbele ya wake za wakubwa. Halafu nikamwendea Wafula, nikamwambia bisibisi fupi haipo.

Hakupaza sauti. "Mwisho uliitumia wapi?"

"Chini ya sakafu. Kando ya nyaya za usukani."

Alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayesoma, akaivaa tena. "Atakapoinua pua kila kitu kilicholegea kitateleza kwenda nyuma," akasema. "Na nyuma ndiko kuna gurudumu linaloongoza waya wa usukani; bisibisi ikiingia pale, usukani unakwama. Twende kwa mkubwa."

Kamanda alikuwa kando ya jukwaa, meno yote nje kwa ajili ya wapiga picha. Wafula akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ndege ishushwe, kuna kifaa kimesahaulika ndani.

"Itashuka baada ya onyesho," akasema Kamanda, meno bado nje.

"Afande, hilo onyesho ndilo litakalomuua."

"Mgeni ameketi sasa hivi tu. Unataka nimwambie nini? Kwamba fundi wangu amepoteza bisibisi?"

"Ndiyo, afande. Mwambie hivyo."

Kamanda akageuka kumshika mkono mgeni. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Basi mtu mwenye miaka hamsini na minane na goti lililokufa akaanza kukimbia. Kibanda cha redio kilikuwa juu ya nguzo, ngazi kumi na mbili. Mimi nilikuwa nyuma yake nikisukuma mgongo wake. Sajini wa redio akatuzuia mlangoni. "Mzee, huna ruhusa ya kuingia humu."

"Najua," Wafula akasema, akampita, akachukua kipaza sauti.

"Luteni Halima, huyu ni Wafula wa bandani. Wanisikia?"

"Nakusikia, Mzee Wafula." Sauti yake ilikwaruza. "Nimekwisha zunguka mlima. Naelekea kwa wageni."

"Usielekee kwa wageni. Baki juu, na usiinue pua hata kidogo. Kuna bisibisi imebaki chini ya sakafu yako, karibu na nyaya."

"Nani aliyeiacha?" akauliza.

Wafula akaninyooshea kipaza sauti.

"Mimi," nikasema. "Mwadime."

Niliona kwa mbali doa la ndege juu ya mkonge, linakuja. Halafu sauti ya Halima ikarudi, imepungua ukali, imekuwa ya mtu anayefanya kazi. "Mzee Wafula, usukani wasonga mbele vizuri. Nikivuta nyuma wafika nusu, kisha wagota."

"Basi imeshafika kwenye gurudumu. Sikiliza, binti. Usivute kwa nguvu, ukivuta itajikaza zaidi. Nusu uliyo nayo inakutosha. Zunguka kwa upana mkubwa, kama treni ya Taveta inavyochukua kona, bila haraka. Ukitaka pua ipande, ongeza moto wa injini. Ukitaka ishuke, punguza. Mkono wako uwe unashika tu."

"Mkono ushike tu," akarudia.

"Na uje mbali. Uwanja ni mrefu, tumia wote. Wapite wale wenye mahema kama hawapo."

Alizunguka upande wa reli, mbali sana, tukampoteza machoni, tukamwona tena akiwa chini na ametulia. Wafula alizungumza naye njia nzima, maneno mafupi: ongeza kidogo, punguza, ongeza, ngoja. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kitabu cha sajini. Sajini mwenyewe alikuwa ameshika ngazi na macho amefunga. Ndege ikapita mbele ya mahema, matairi yakagusa, ikaruka, yakagusa, ikaruka tena, mara ya tatu ikakaa. Ilisimama hatua kumi kutoka kwenye handaki lililochimbwa kuzuia ndovu.

Mimi nilikaa chini kwenye ngazi. Wafula akarudisha kipaza sauti mahali pake, akamwambia sajini asante, kama mtu aliyeazimwa chumvi.

Na kule jukwaani? Nilikuja kusimuliwa. Kamanda alipoona ndege inapita bila kupanda, na mgeni anamgeukia kuuliza, alishika kipaza sauti chake na kutangaza: "Mabibi na mabwana, mnachoshuhudia ni zoezi la dharura lisilotangazwa! Hata mafundi wenyewe hawakuambiwa!" Bendi ikapiga. Mgeni rasmi akasimama kupiga makofi. Fungueni ukurasa wa kumi na nne, mtaona: "zoezi la kwanza la dharura la aina yake." Pana picha ya Kamanda akipongezwa. Yule anayeonekana nyuma, aliyekatwa, amebaki kiwiko tu, ni Wafula.

Tulipofungua sakafu, bisibisi ilikuwa imekaa kati ya waya na gurudumu, mpini wake umekwaruzwa mpaka rangi imetoka. Luteni Halima alilala pale akaivuta mwenyewe kwa vidole. Akaitazama, akaitia mfukoni. "Hii nitaiweka mimi," akasema.

Nilingojea adhabu. Badala yake, siku ya nne, nikapewa cheti. Cheti cha ushiriki bora katika zoezi la dharura, chenye nanga na muhuri. Mnaelewa? Kuniadhibu kungekuwa ni kukubali kwamba kulikuwa na kosa. Nikakipokea. Nikapiga saluti. Jumapili nikakipeleka nyumbani, mama yangu akakitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa, akawaita majirani waje kuona. Nami nikakaa pale kwenye kiti nikinywa uji, nikiwaacha waone.

Wafula alipewa barua. Kama lilikuwa zoezi, basi yeye ndiye aliyeliharibu: ameingilia zoezi la kikosi, ametumia redio bila ruhusa. Angeitwa mbele ya wakubwa watatu watakaotoka nje ya kikosi, na akipatikana na hatia anafukuzwa, miaka yote ya kazi inakwenda na upepo. Zilipita siku kumi na moja kutoka siku ya bisibisi mpaka siku ya kikao. Siku zote hizo nilifanya kazi benchi moja naye. Hakuniuliza kitu. Jioni alikuwa bado ananinyooshea kidole. "Wote wamelala?"

Siku moja kabla ya kikao Kamanda aliniita ofisini.

"Mwadime, wewe ni kijana, unaweza kwenda mbali. Kulikuwa na bisibisi?"

"Ilikuwepo, afande."

"Sikukuuliza kama ilikuwepo. Nimekuuliza kama kulikuwa na bisibisi."

Nikanyamaza. Akatabasamu kana kwamba nimejibu.

Kikao kilifanyika chumba cha mapokezi, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kulalamika. Wafula alisimama muda wote, hawakumpa kiti, mguu wake mmoja ukitetemeka. Wakamuuliza kwa nini alishika redio.

"Niliona hatari."

"Hatari gani?"

"Muulizeni fundi aliyeitengeneza ndege."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwenye maelezo yake yote, kurasa nne za mwandiko wake wa pole pole, jina langu hakuliandika popote. Angeweza kujiokoa kwa mstari mmoja. Aliniachia mimi.

Wakaniita. Ningependa kuwaambia nilisimama kama simba. Nilisimama nimeshika meza. Nikatazama feni, nikamtazama Kamanda, nikafikiria ule ukuta wa mama yangu. Nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto:

"Bisibisi ilikuwa yangu. Niliisahau nilipokwenda kubeba maua. Kitabuni nilitia sahihi bila kuhesabu. Kama Mzee Wafula asingeshika redio, luteni angekufa mbele ya wageni."

"Bisibisi gani?" Kamanda akadakia. "Iko wapi?"

Luteni Halima akainuka kwenye viti vya nyuma, akaja mbele, akaiweka mezani. Wafula alikuwa ametuchomea kila mtu herufi ya jina lake kwenye mipini kwa waya wa moto. M yangu ilikuwa hapo, nusu yake imekwaruzwa na waya wa usukani. Wale wakubwa watatu wakaipitisha mkono kwa mkono. Wakaenda kunywa chai. Walikunywa sana.

Sasa sikilizeni haki ilivyogawanywa. Wafula hakufukuzwa, lakini kwa kushika redio bila ruhusa aliondolewa kwenye ndege na kupelekwa stoo ya matairi mpaka atakapostaafu. Mimi nilivuliwa mamlaka ya kutia sahihi, nikapewa ndoo na sabuni, mwaka mzima wa kuosha ndege. Cheti kikatakiwa kirudishwe, kwa barua rasmi yenye nakala tatu. Nilipanda Ronge, nikakishusha ukutani mbele ya mama yangu. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote. Akanipa kitambaa nipanguse alama ya vumbi iliyobaki ukutani. Na Kamanda? Kamanda alipandishwa cheo, akapelekwa mji mkuu kwenye ofisi yenye zulia.

Siku ile ya kikao tulitoka pamoja, mimi na Wafula, tukashuka mpaka hoteli moja ndogo karibu na stesheni. Akaagiza chai na mandazi kwa watu wawili. Akanywa nusu kikombe.

"Siku kumi na moja," akasema.

"Nilikuwa naogopa, mzee."

"Na mimi nilikuwa naogopa. Goti linauma na ninaogopa." Akamega andazi. "Ungekuja kusema siku ya kwanza, ningekusifu. Umekuja ya kumi na moja. Kula, chai inapoa."

Mpaka leo sijapata kusikia sifa iliyonikaa hivyo, wala aibu.

Huko stoo hakukaa bure. Alichukua mbao za makasha ya matairi, akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa, spana, koleo, bisibisi, kila kimoja na kivuli chake, ili kikikosekana kivuli kinakutazama. Zile mbao mnazotundikia vifaa vyenu leo zilianzia hapo. Kijitabu kinasema zililetwa na washauri. Washauri walikuja, ndiyo. Walizipiga picha.

Nilikuwa bado na ndoo yangu, mwezi wa tisa wa kuosha, siku Luteni Halima alipotakiwa kuruka peke yake mpaka baharini, bahari ya kweli, kwa mara ya kwanza katika kikosi chetu. Fundi mkuu mpya alikuwa ameshatia sahihi. Kila kitu tayari. Halima akaja, akazunguka ndege, akasimama.

"Mwiteni Mwadime."

"Huyo anaosha tu, afande," fundi mkuu akasema. "Hana ruhusa ya kutia sahihi."

"Sihitaji sahihi yake. Mwiteni."

Nilikwenda mikono imejaa povu. Akanipa tochi yake, akanionyesha sakafu. Nikajipangusa kwenye ovaroli, nikafungua bamba, nikalala kifudifudi, nikatazama waya wa kwanza mpaka mwisho, nikatazama wa pili, nikatia mkono na kupapasa pembe zote ambazo macho hayafiki. Nilichukua muda mrefu. Fundi mkuu alikuwa anapiga mguu chini.

"Waona nini?" Halima akauliza.

"Sioni kitu, afande."

"Una hakika?"

Zamani ningesema ndiyo. Nikainuka, nikampa tochi.

"Tazama mwenyewe."

Akavua kofia, akanishikisha, akalala pale chini na sare yake nyeupe ya sherehe, aliyoamriwa kuivaa kwa ajili ya picha, akatazama na yeye. Akatoka, akajipangusa magoti, akachukua kofia yake, akapanda. Nikafunga bamba, skrubu moja baada ya nyingine, nikateremka na bisibisi mkononi, nikaiinua juu aione kupitia kioo. Akaitikia kwa kichwa, akawasha injini.